Kuichunguza Programu Bila Kuizima

Programu ya seva iliyoundwa vizuri huandika logi: kumbukumbu ya matukio yake, mstari kwa mstari, kila tukio na saa yake. Faili la usanidi ndilo huamua kiasi cha maandishi hayo, kuanzia hitilafu pekee hadi kila hatua ndogo. Siku za kawaida machache hutosha, kwani mengi hujaza diski na kuielemea mashine. Hitilafu ikizuka, fundi huyahitaji mengi, tena papo hapo.

Njia nyepesi ni kubadili faili na kuiwasha programu upya. Hasara zake ni mbili: huduma husimama, na hali iliyozaa hitilafu mara nyingi hufutika programu inapozimwa. Usanidi unaojipakia upya wenyewe, programu ikiendelea kufanya kazi, huondoa hasara zote mbili, na humo ndimo umahiri wa ufundi huu unamoonekana.

Logback, maktaba ya kuandika logi iliyo kazi ya Ceki Gülcü aliyeanzisha pia maktaba ya Log4j, ikiagizwa kulikagua faili lake hulikagua kila dakika 1 isipopangiwa muda mwingine. Ikikuta XML ya faili jipya imekosewa, hurejea usanidi wa mwisho uliokuwa mzima. Log4j 2 nayo huwekewa muda kwa sekunde, na imeundwa ibadili usanidi bila kupoteza matukio yanayoingia wakati huo.

OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika Eldoret, Kenya, mwaka 2006, humwezesha msimamizi kubadili kiwango cha logi katika mipangilio yake huku kazi ikiendelea. Thamani ya uwezo huu huonekana zaidi mbali na miji. Mafuriko ya Mto Tana yanapokata barabara, fundi hafiki kwa urahisi Nanighi, kando ya mto huo. Zahanati ya huko ikitumia mfumo wa aina hii, mhudumu aliyepo anaweza kuelekezwa kwa simu aongeze kina cha logi, na wagonjwa wakaendelea kuandikishwa.

Ufundi huu una adabu yake. Kina huongezwa kwa sehemu inayoshukiwa tu, si kwa mfumo mzima. Logi ya kina huweza kubeba siri za wagonjwa, hivyo hulindwa kama faili zao. Chanzo kikishajulikana, kiwango hurudishwa kilipokuwa.