Baruti Ilipotulia

Vita vya Zanzibar vya tarehe 27 Agosti 1896 havikumsubiri mpiga picha. Manowari za Kiingereza zilianza kufyatua mizinga saa tatu na dakika mbili asubuhi. Hata saa nne haijagonga, bendera ya Sayyid Khalid bin Barghash ilikuwa imeshateremka, watu wake wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa, na yeye mwenyewe yumo ndani ya ubalozi mdogo wa Wajerumani. Siku mbili tu zilikuwa zimepita tangu kufariki kwa Sultani, Sayyid Hamad bin Thuwaini, na Khalid kukalia kiti chake bila ridhaa ya Waingereza.

Ndiyo maana picha zinazojulikana zaidi za vita hivyo ni za moshi ulipokwisha: kasri limekuwa kifusi, wanamaji wa Kiingereza wamejipanga kando ya mzinga waliouteka. Msomaji atasema hizo ni picha za washindi, na ni kweli. Mimi namsifu fundi, simsifu aliyesimama mbele yake.

Ufundi wenyewe haukuwa mwepesi. Kamera ilikuwa sanduku la mbao juu ya miguu mitatu, na kila picha ilitaka kioo chake. Ukikivunja, huna tena. Studio za mjini Unguja zama zile zilikuwa zaidi mikononi mwa Wagoa, na majina ya Gomes na Coutinho bado yanasomeka kwenye kadi za posta za zamani. Kazi yao ilipigana na joto. Utando wa jelatini uliopakwa juu ya kioo hulainika maji yakiwa ya moto, ukateleza na sura ya mtu ikaenda nayo. Mafundi wa nchi za joto waliutia shabu ili ukaze. Ukishasafisha kioo gizani unatoka nacho nje: unakibana juu ya karatasi, mara nyingi ya kupakwa ute wa yai, unaiweka juani na kungoja. Wingu likipita, unaongeza muda. Kipimo ni jicho la fundi, na jicho hilo halikununuliwa dukani.

London nako kulikuwa na mafundi wengine. Magazeti ya picha ya huko yalikuwa na wachoraji waliozoea kuchora vita wasivyoviona, kwa kufuata rasimu za maofisa na habari za simu. Hao ndio waliotuletea makombora angani, miali ya moto na watu wanaoanguka. Siwadharau, mkono wao ulikuwa hodari. Lakini mchoraji hutia alichokitaka tu, na kamera huzoa hata kisichotakiwa, kama juya linavyozoa dagaa na majani pamoja.

Tazama picha za bandari zilizopigwa miaka iliyofuata. Fundi alitaka Beit al-Ajaib na ufuo wa Forodhani, mandhari ya kumuuzia msafiri anayeshuka melini. Mbele yake, majini, imesimama milingoti mitupu. Ni ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa asubuhi ile ikakaa kwenye maji mafupi, na mabaki yake hayakuondolewa mpaka 1912. Kwa hiyo miaka kumi na zaidi kila aliyepiga picha ya bandari alipiga na vita, apende asipende. Angeweza kuiziba milingoti kwenye kioo kwa rangi. Mafundi wa studio walijua sana kufuta makovu ya nyuso. Kwenye picha ninazozizungumzia, milingoti imeachwa.

Kuna jambo moja ambalo fundi hakulimaliza, na lawama si yake peke yake. Siku ile Wazanzibari walikuwa pande zote mbili. Askari wapatao 900 wa jeshi la Zanzibar walisimama na Waingereza, chini ya Lloyd Mathews na Arthur Raikes, na wenzao walikuwa ndani ya kasri na Sayyid Khalid. Maelezo ya chini ya picha yanamtaja Admeri Rawson wa manowari za Kiingereza, yanamtaja Mathews. Askari wetu ni "askari" basi, hata pale ambapo kioo kimeshika kila kifungo cha koti lake na kila mkunjo wa paji la uso.

Waliotajwa walikuwa na mtu wa kuandika majina yao nyuma ya karatasi, na wale wengine hawakuwa naye. Basi wewe uliye Malindi, Ng'ambo au Makunduchi, mwenye picha ya babu aliyevaa sare, igeuze leo uandike jina lake, la baba yake na mahali alipotumikia. Tumia penseli laini, maana wino hupenya ukatokea usoni, na usiibandike kwenye albamu kwa gundi. Kisha uliza Nyaraka za Zanzibar, Kilimani, kama watakubali kuwa na nakala.