Mzinga Unaowashwa na Jua

Katika mizinga midogo ya ishara inayosakwa na wakusanyaji wa vitu vya kale, hakuna ninaouenzi kama mzinga wa adhuhuri. Ni mzinga wa shaba, mara nyingi haufiki hata shibiri moja, uliolazwa juu ya bamba la marumaru lililochorwa saa ya jua. Juu yake kuna lenzi iliyoshikwa na mikono miwili ya shaba. Jua linapofika kilele cha safari yake ya siku, lenzi hukusanya miale na kuielekeza kwenye kitundu chenye baruti, na mzinga hulia. Hapahitajiki mtu wa kushika utambi.

Ufundi huu ulistawi Ulaya katika karne ya 18 na ya 19. Mwaka 1786, fundi wa saa wa Paris aitwaye Rousseau aliweka mzinga wa namna hii kwenye bustani ya Palais-Royal. Siku za jua, watu walisubiri mlio wake ili warekebishe saa zao. Ile midogo ilikaa nyumbani kwa wenye uwezo, ikitoa ishara ileile.

Anayeutazama kwa haraka huona pambo tu. Anayetulia nao huona hesabu. Mjini Paris, jua la adhuhuri hupanda hadi karibu nyuzi 65 mwezi Juni, na Desemba halizidi sana nyuzi 18. Lenzi isiyosogea ingefaa kwa siku chache tu. Kwa hiyo fundi aliifunga mikono yake usawa wa kitundu, ili lenzi ipande na kushuka kufuata majira huku umbali wake kutoka kwenye kitundu ukibaki uleule. Umbali huo ukizidi au kupungua, nukta ya moto hutanuka, joto hupungua na baruti haishiki.

Kisha lipo suala la mahali. Bapa la saa ya jua linalotupa kivuli huinuliwa kwa pembe sawa na latitudo ya mji. Kwa Paris ni nyuzi 49 kasoro kidogo. Ukikileta kifaa hicho Mombasa, nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, saa yake itadanganya. Hata lenzi itashindwa, kwa sababu imezoea jua la upande mmoja, ilhali kwetu jua la adhuhuri hukaa kaskazini miezi kadhaa, kisha huhamia kusini. Kila mzinga wa aina hii ulikatwa kwa ajili ya latitudo yake.

Mkusanyaji makini hukagua mambo hayo kabla ya kutoa fedha. Hutafuta latitudo na jina la fundi kwenye marumaru. Hulinganisha umbali wa fokasi wa lenzi na urefu wa mikono, kwani lenzi ya asili huvunjika na kuwekewa nyingine isiyolingana. Kitundu kilicholiwa na moto na doa jeusi la baruti havimkatishi tamaa. Ni ushahidi kwamba kifaa kilifanya kazi iliyokusudiwa. Wala hakisugui kwa dawa ya kung'arisha shaba, maana dawa hiyo hula mistari ambayo fundi aliichora kwa mkono, na mstari uliofutika haurudi.

Wala hakuna haja ya kuufyatua. Shaba ya kale yaweza kupasuka, na heshima ya mzinga huu haipo kwenye mlio. Ipo katika uvumilivu wa fundi aliyeliweka jua la mwaka mzima ndani ya shibiri moja ya shaba na marumaru, bila kubahatisha popote. Ukijaliwa kuupata, uweke mbali na dirisha, kwa kuwa lenzi yake bado inaweza kuunguza nyumba. Na ukikutana nao dukani, uliza kwanza latitudo yake, ndipo uulize bei.