Mkono wa Rithimu

Wapenzi wengi wa dansi huusikiliza "Sina Makosa" wa Les Wanyika kwa ajili ya waimbaji. Ni haki yao, kwa sababu zile sauti zinapopandana, zikimsihi mtu aache chuki isiyo na sababu na kumkumbusha kwamba kila mmoja ana wake nyumbani, mtu hujikuta ameshaegemea upande wa mshitakiwa kabla hajauliza kesi ni ya nini. Mimi kwa miaka mingi nimeusikiliza wimbo huo nikifuata gitaa moja tu, lile la rithimu. Mpigaji wake ni Omar Shabani, aliyeitwa Profesa, naye ndiye aliyeutunga.

Gitaa la rithimu halishangiliwi. Ukumbini watu humtunza mpiga solo, hubandika noti kwenye paji la uso wa mwimbaji, na mpiga rithimu huendelea na kazi yake pembeni. Msikilize Profesa. Hachapi nyuzi zote kwa mkupuo kujaza nafasi. Anaivunja kodi, yaani sauti zinazopigwa pamoja, anadonoa sauti mbili tatu, anaacha pengo, anarudi pale pale. Katika pengo hilo ndimo inamotumbukia besi ya Tom Malanga, nayo haikai muda mrefu: inasema neno lake, inanyamaza. Ngoma za Rashid Juma zinapita juu yao kwa wepesi, hazimsukumi mtu. Hakuna anayemkanyaga mwenzake. Msusi wa mkeka husifiwa kwa rangi alizozipanga, lakini mkeka hulala vizuri kwa sababu ya ukili uliosukwa kwa upana mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na rithimu ya Profesa ni ukili huo.

Kurudia kitu kimoja kwa dakika nyingi ni kazi ngumu kuliko inavyodhaniwa. Mkono ukichoka, pigo linachelewa kidogo na wachezaji wanahisi kabla hawajajua wamehisi nini. Mpigaji akichoka moyo, anaanza kuongeza madoido, na madoido hayo yanamfungia mwimbaji njia. Profesa anabadilisha kidogo sana: sauti moja inasisitizwa zaidi mwimbaji anapovuta pumzi, nyingine inakatwa mapema solo inapoingia. Sikio la haraka litasema amepiga kitu kile kile. Ukirudia kusikiliza utagundua kwamba alikuwa akiwasikiliza wenzake muda wote, na kwamba kila badiliko lilikuwa jibu kwa mtu fulani.

Mkono huo ulilelewa na biashara, nami sioni aibu kulisema. Mizizi ya Les Wanyika iko Tanga, mji wa Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ambako hata vikundi vya taarabu kama Black Star na Lucky Star viliingiza magitaa. Ndugu wawili, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walitoka Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, na mwaka 1971 wakaingia Kenya na bendi iliyokuja kujulikana kama Simba Wanyika. Walifuata soko. Tanzania ilikuwa na redio ya taifa iliyorekodi bendi kwa ajili ya matangazo, lakini sahani za santuri zilifyatuliwa Nairobi, na huko ndiko walikokuwa wenye studio, wenye lebo na maduka ya River Road. Mwaka 1978 Profesa na baadhi ya wenzake waliondoka Simba Wanyika, wakaungana na John Ngereza, Mtanzania mwingine aliyekuwa akipiga na Orchestra Jobiso, wakaunda Les Wanyika. Mwaka uliofuata "Sina Makosa" ulitoka. Wakati huo mpaka wa Kenya na Tanzania ulikuwa umefungwa tangu Februari 1977, nao haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Vijana wa Kitanzania waliimba Kiswahili chao upande wa pili wa mpaka uliofungwa, na mawimbi ya redio hayakusimamishwa na mtu yeyote.

Soko lile lilikuwa na masharti. Upande mmoja wa sahani ndogo ya mizunguko 45 hubeba kama dakika nne au tano, ilhali wimbo wa ukumbini unaweza kwenda mara mbili ya hapo. Desturi ya Nairobi ikawa kuukata wimbo vipande viwili: upande wa kwanza maneno na kisa, upande wa pili magitaa yakiachiwa uwanja. Mtunzi alilazimika kujua tangu mwanzo wimbo utakatwa wapi, na nini kitamfanya msikilizaji ainuke kwenda kuigeuza sahani. Nadhani hapo ndipo mpiga rithimu alipopata heshima yake ya kweli. Maneno yakiisha, yeye ndiye anayebaki kuushikilia wimbo ili solo aende mbali na apate pa kurudi.

Wapo wanaoutilia shaka muziki huu. Wanasema rumba ilitoka Kongo, na kabla ya Kongo ilivuka bahari kutoka Cuba, kwa hiyo Mtanzania anayeipiga Nairobi ili kuuza sahani kwa Wakenya hana chake mle ndani. Hoja hiyo inatazama njia ambayo muziki ulipita, haiusikilizi muziki wenyewe. Weka sahani yoyote ya Kinshasa ya miaka ile, usikilize jinsi magitaa yanavyochangamka na kukimbia sebene, ile sehemu ya magitaa, linapofika. Kisha weka "Paulina" au "Pamela" wa Les Wanyika. Mwendo unabaki wa mtu anayetembea jioni bila haraka, nafasi kati ya ala zimeachwa wazi, na maneno yanasikika moja moja kwa sababu ala zimeyapisha. Utulivu ule haukuazimwa kokote. Uliamuliwa na watu wale, usiku baada ya usiku, mbele ya wachezaji waliolipa kiingilio na ambao wangeondoka kama ungewachosha.

Biashara hiyo hiyo haikuwatendea haki wasanii baadaye. Kaseti zilipoenea katika miaka ya 1980, kunakili nyimbo bila idhini kukawa rahisi, na sahani zilizokuwa zikiwalipa zikakosa wanunuzi. Ninaumia moyo ninapofikiria kwamba wimbo unaopigwa kwenye kila harusi ya Pwani na kila baa ya Nairobi ulizunguka hivyo kwa miaka mingi bila watengenezaji wake kuona faida inayolingana. Kabla ya mwaka 2000 kumalizika, Profesa na Ngereza wote walikuwa wametangulia mbele ya haki.

Bendi za zilipendwa bado zinaupiga wimbo huo, Nairobi na Dar es Salaam. Mara nyingi mpiga solo anaipata ile solo sauti kwa sauti, na waimbaji wanapatana vizuri. Panapopwaya ni kwenye rithimu. Kijana anapiga nyingi mno, anaziba mapengo ambayo Profesa aliyaacha kwa makusudi, na besi inakosa mahali pa kuingilia.