Kutiwa Moyo na Waliotangulia: Uhakiki wa Kitabu cha Nane cha Maungamo ya Augustino

Usomaji unaotafuta faraja kwa waandishi Wakristo wa kale hupenda kuchomoa kauli fupi na kuziacha zisimame peke yake. Augustino wa Hippo ameathiriwa sana na desturi hiyo. Hata hivyo, Maungamo, yaliyoandikwa kati ya mwaka 397 na 400 hivi, yanasimulia yenyewe jinsi mwamini anavyotiwa moyo na waliomtangulia, na simulizi hiyo haiiungi mkono desturi hiyo.

Katika Kitabu cha Nane, Ponticianus anamtembelea Augustino mjini Milano, mwaka 386, na kumsimulia habari za Antonio, mtawa wa Misri aliyefariki mwaka 356. Anaeleza pia jinsi maofisa wawili wa kaisari walivyokuta kitabu cha maisha ya Antonio katika nyumba moja huko Trier, wakakisoma, wakaacha kazi zao. Muundo huu wa hadithi ndani ya hadithi si pambo. Antonio aliguswa na Injili iliyosomwa kanisani. Maofisa wakaguswa na Antonio. Augustino, ambaye hadi saa hiyo hakuwahi kulisikia jina la mtawa huyo, anaguswa na wote. Naye hatulii. Anajiona amewekwa mbele ya uso wake mwenyewe, na anaona aibu. Kutiwa moyo hapa kunaanza kwa kuumizwa.

Ni rahisi uhakiki kuishia bustanini, Augustino anapofungua Waraka kwa Warumi. Kinachofuata kina uzito zaidi kwa hoja hii. Rafiki yake Alypius anaomba kuoneshwa mahali pale, anasoma maneno yanayofuata, yahusuyo kumpokea aliye dhaifu wa imani, na anayachukua kuwa yake. Mwandishi anaipitia habari hii kwa sentensi chache tu. Alypius hakuwa mtu wa vishindo.

Lakini Kitabu cha Nane nacho kikisomwa peke yake kinapotosha, kwa kuwa kinafungwa kwa shangwe ya Monica, mama wa Augustino. Katika Kitabu cha Kumi, zaidi ya miaka kumi baada ya bustani ile, Augustino ambaye sasa ni askofu anakiri kwamba bado anahangaishwa na ulaji na kupenda kusifiwa. Ungamo hilo halionekani kwa msomaji wa dondoo, ingawa ndilo linalomweka askofu upande wa Alypius, miongoni mwa walio dhaifu.