Ulimi Usioweza Kusema Uongo

Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, huchezwa mezani: kila mchezaji hubuni mhusika wake na kumsemea, na kete huamua yatakayomfika. Kitabu cha kanuni cha mwaka 2020, Tasha's Cauldron of Everything, kinamruhusu mhusika awe ameguswa na majini wa ngano za Ulaya. Huongezewa nukta moja ya akili, busara au haiba, na uganga wa aina mbili. Hatozwi kitu. Hapo ndipo penye walakini.

Mchezaji atakaye mtunzi wa hadithi za mapenzi aliyeguswa hivyo na amtazame Thomas wa Erceldoune, mshairi wa Uskoti wa karne ya 13. Utungo wa kale wasimulia kuwa alimtumikia malkia wa majini miaka 7, na ujira wake ukawa ulimi usioweza kusema uongo. Badala ya kushukuru alilalama: sokoni atauzaje, na mwanamke atambembelezaje? Walter Scott, alipochapisha Sir Tristrem mwaka 1804, alimhesabu Thomas huyo kuwa ndiye mtunzi wake. Na kisa hicho cha mahaba kimejengwa juu ya hila. Ysonde amhadaa mumewe, Mfalme Mark, hata kwa kiapo ambacho maneno yake ni ya kweli.

Mhusika wa namna hii ana uzito kuliko uganga wowote wa kitabuni. (Malenga wetu, waliolelewa na mafumbo, watamtambua upesi.) Kanuni haimkatazi mchezaji kujitoza mwenyewe; basi mpenzi wa mhusika akiuliza, "Utarudi?", tusikie atajibiwa nini.