Damu na Dhahabu

"Damu na dhahabu": ndivyo mashabiki wa USAP, klabu ya raga ya Perpignan, kusini mwa Ufaransa, waziitavyo rangi zao. Bendera waipeperushayo ni ya Wakatalani: milia minne myekundu juu ya manjano, mithili ya mishororo minne ya tarbia. Tangu mji ulipotwaliwa na Ufaransa kwa mkataba wa 1659, Kifaransa kilikisukuma Kikatalani nje ya ofisi na madarasa. Rangi zikabaki kuunena ukoo.

Hata hivyo, bendera hutaja jina tu, haitungi sentensi. Uzito zaidi umo katika "L'Estaca", yaani Kigingi, wimbo wa Kikatalani alioutunga Lluís Llach mwaka 1968, uimbwao uwanjani Aimé-Giral. Hapo shabiki hatoshelezwi na kupunga kitambaa, sharti atamke. Ubeti usiotamkwa hufa, ujapoandikwa kwa dhahabu.