Kutangatanga kwa Kiingereza

Hapa Usagara, Tanga, kijana mmoja niliyemfundisha ualimu aliniuliza Kiingereza cha kutangatanga. Nikamjibu upesi: wander. Kisha nikasita. Atangatangaye ana dhiki, hajui alifuatalo liko wapi. Wander haina dhiki hiyo, hata macho hufanya. Roam nayo ina raha ndani yake. Loiter ndiyo mbaya zaidi, maana huyo amesimama tu, tena kwa lawama, kama mzururaji wetu. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi mijini waliitwa wazururaji, wakakamatwa na kupelekwa mashambani. Wengi wao, kwa maoni yangu, walikuwa wakitangatanga. Mwisho nilimpa kijana stray. Sijaridhika bado: ng'ombe aliyepotea ana zizi lake.